Kumtafuta Nesi Suzana

Serikali ilipoanza kuhesabu upya watumishi wake ili ijue nani yupo na nani ni hewa, ofisi moja ya kumbukumbu mjini Songea ililetewa kompyuta, na kazi ya kuijaza ikamwangukia Benigna Ngonyani. Alikuwa mpiga chapa mwenye miaka kumi na tisa kazini, mjane, mama wa watoto wawili waliokwisha kujitegemea, na vidole vyake vilikuwa vyepesi kuliko vya mtu mwingine yeyote katika jengo lile. Walimpeleka mafunzo ya wiki tatu, akarudi na daftari limejaa maelezo, kisha akakaa mbele ya mashine ile mwaka mzima na miezi minne. Majalada yaliletwa kutoka masjala yakiwa na vumbi lake. Aliyasoma moja moja, akaingiza jina, namba ya cheki ya mshahara, mwaka wa kuzaliwa, kazi, vituo ambavyo mtu alipita, na mwisho hali yake: yupo, amestaafu, amepunguzwa, amefariki. Umeme wa Songea siku hizo ulitoka kwenye majenereta ya dizeli, na ulikatika bila kuaga. Mara nyingi alianza upya ukurasa aliokwisha kuumaliza.

Aliipenda kazi ile kuliko alivyokiri mbele ya wenzake. Zamani mtu akija kuulizia habari za mtumishi aliambiwa arudi baada ya siku tatu, halafu tatu nyingine. Sasa Benigna aliandika jina, akabonyeza, na herufi za kijani zikajipanga kwenye kioo. Wazee waliokuja walimtazama kama mtu aliyetoa sungura mfukoni, naye alijitahidi asionyeshe kwamba anafurahi.

Mwishoni mwa Juni 1998 aliingia mama mmoja wa makamo, amevaa baibui lililopauka kwa vumbi la safari, mkononi ana kikapu kilichofunikwa kanga. Aliitwa Bi Chiku, mkulima wa korosho wa Nakapanya, kule Tunduru. Alikuwa amesafiri siku tatu, mbili kati ya hizo juu ya lori, na alikuwa amefikia mtaa wa Mfaranyaki kwa mpwa wake Azizi, fundi cherehani. Benigna alimpa shikamoo na kiti, na Bi Chiku akaeleza shida yake taratibu, kama mtu aliyeirudia njiani mara nyingi.

Alikuwa akimtafuta mkunga. Mwaka 1974, katika zahanati ya Nakapanya, mkunga huyo alimwokoa yeye na mtoto wake wa kike. Kabla ya hapo Bi Chiku alikuwa amezika watoto wawili. Huyu wa tatu alipozaliwa mzima, damu ya mama ikakataa kusimama, na mkunga akapanda naye lori la korosho hadi hospitali ya Tunduru, akimkandamiza tumbo kwa mikono yake njia nzima. Bi Chiku hakukumbuka chochote cha safari ile. Alizinduka siku ya pili akaambiwa yu hai. Kwenye akika mtoto alipewa jina la Saada, lakini nyumbani na shuleni aliitwa Suzana, kwa jina la mkunga. Majirani walishangaa, nyumba ya Waislamu kuwa na Suzana, lakini mumewe Daimu hakumjibu mtu, na miaka ikapita jina likazoeleka.

Sasa Suzana yule mdogo alikuwa anaolewa mwezi wa nane. Bi Chiku aliona hawezi kumtoa binti yake bila mwenye jina kuwepo. Alikuwa amekwisha kutuma salamu redioni mara mbili, hakujibiwa. Alichojua ni kwamba mkunga aliitwa Nesi Suzana, ni mtu wa Ungoni, ana mwanya, na aliondoka Nakapanya mwaka 1979.

Benigna aliandika Suzana. Wakatoka thelathini na mmoja. Akawaacha wakunga peke yao, wakabaki sita. Akatafuta mwenye Nakapanya katika orodha ya vituo vyake, akabaki mmoja: Suzana Mapunda, aliyezaliwa 1941. Alikuwa anatabasamu tayari, ameanza kugeuka amwambie mgeni wake, ndipo jicho lake lilipofika kwenye safu ya mwisho.

Aliisoma tena safu ile. Bi Chiku alimtazama usoni, akaelewa kabla hajaambiwa.

"Sema tu, mwanangu," alisema.

"Mama, hapa inaonyesha alifariki. Mwaka tisini na moja."

Bi Chiku hakulia kwa sauti. Alisema inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, akavuta ncha ya kanga akafuta macho, kisha akauliza kama mashine inaonyesha amezikwa wapi. Mashine haikuonyesha. Akauliza kama aliacha watoto. Hilo nalo halikuwemo. Benigna alimletea maji ya kunywa, akakaa naye mpaka alipoweza kusimama, na baada ya kumsindikiza hadi barabarani hakufanya kazi ya maana tena siku ile.

Asubuhi iliyofuata Bi Chiku alirudi. Hakuwa amelala vizuri, macho yalikuwa yamevimba. Alifungua kikapu, akatoa korosho zilizobanguliwa na kukaangwa, zimefungwa vizuri kwenye mfuko, akaziweka mezani. Alisema zilikuwa za Nesi Suzana, lakini kwa kuwa mwenyewe hayupo, azile yule aliyesaidia kumtafuta. Kisha akaomba jambo ambalo Benigna hakulitegemea.

"Mimi nimemwombea kwa njia yangu," alisema. "Lakini yeye alikuwa na njia yake. Jumapili alikuwa hapiki mpaka arudi kusali. Nyinyi mna ile misa ya marehemu. Naomba unisaidie asomewe, nami nikae nje ya kanisa nisikie jina lake linatajwa. Nikirudi nimwambie mwanangu nimesikia."

Benigna alikubali, na saa ya chakula cha mchana alikwenda parokiani kuandikisha nia ya misa. Karani wa pale, mzee Fransisko, aliyekuwa mtu wa kupenda mambo yakamilike, alitaka kujua marehemu alikuwa wa parokia gani na amezikwa wapi, maana alipenda kuwapelekea habari watu wa kwao. Benigna hakujua. Akamwambia atarudi baada ya kuangalia kwenye jalada lenyewe, la karatasi, kwa sababu mahali mtumishi alikotoka hakupaingiza kwenye kompyuta.

Masjala ilikuwa chini, chumba kirefu chenye rafu za chuma na harufu ya karatasi za zamani. Alilipata jalada bila shida. Suzana Mapunda, mzaliwa wa Madaba, mkunga, Nakapanya 1973 hadi 1979. Akafunua kuelekea mwisho akitafuta taarifa ya kifo. Hakuiona. Alichokiona ni barua ya kupunguzwa kazini, na chini yake maandishi ya mkono ya mkunga mwenyewe kwamba ameipokea barua na anarudi nyumbani Madaba kulima. Sahihi ilikuwa wazi, na tarehe ilikuwa ya Oktoba 1994.

Benigna aliisoma tarehe ile mara tatu. Mtu aliyekufa tisini na moja hasaini barua tisini na nne.

Aliliweka jalada juu ya boksi. Kisha akatafuta kwenye rafu ileile, na kando kidogo akakuta jalada jingine: Suzana Mapunda, mkunga, mzaliwa wa upande wa Mbinga, ambaye hakuwahi kufika Tunduru maisha yake yote. Mwishoni mwake kulikuwa na barua ya watoto wake, imeandikwa kwa huzuni na heshima, wakiarifu kwamba mama yao amefariki mwaka tisini na moja. Hawakuandika namba ya cheki. Nani katika msiba anakumbuka namba ya cheki?

Hapo alikumbuka siku alipoiingiza barua hiyo. Umeme ulikuwa umekatika mara nne, na kila ulipokatika alirudia. Mara ya mwisho aliandika jina, akaletewa Suzana Mapunda wa kwanza katika orodha, akamwandika amefariki bila kuangalia kwamba chini yake yupo wa pili. Wa Madaba akafa kwenye kioo, na wa Mbinga, aliyekuwa kaburini miaka saba, akaendelea kuwepo. Hakukuwa na mtu mwingine wa kumsingizia. Kila jina mle ndani lilipita kwenye vidole vyake.

Mkuu wake, Hironimus Gama, alikuwa afisa utumishi mpole aliyebakiza miaka miwili astaafu na aliyeogopa makelele kuliko kitu chochote. Benigna alimweleza yote akiwa amesimama. Hironimus alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alimwambia asahihishe kimyakimya, kwani mama wa Tunduru akirudi kwao nani atajua? Benigna alimjibu kwamba yeye atajua. Akaongeza kwamba ataandika taarifa kwa jina lake mwenyewe, na kwamba Jumamosi atakwenda Madaba, kwa sababu barua ya mwaka tisini na nne haithibitishi kwamba mtu yu hai mwaka tisini na nane, na hataki kumwambia mama yule habari nusunusu mara ya pili. Hironimus alifikiri, akasema taarifa hiyo aiandike fupi.

Jioni, kabla jua halijazama, Benigna alikwenda Mfaranyaki. Azizi alikuwa barazani na cherehani yake akikunja pindo la suruali ya mitumba, na Bi Chiku ameketi mkekani anachambua mchele. Njiani Benigna alikuwa ametayarisha maneno mengi. Yote yakampotea.

"Mama, nimekukosea," alisema. "Yule aliyekufa siye. Ni mwingine wa jina lilelile, wa Mbinga, na mimi ndiye niliyewachanganya. Wa kwako alirudi kwao Madaba, na Jumamosi nakwenda huko; sijui kama yu hai, lakini kifo nilichokuambia hakikuwa chake."

Azizi aliacha cherehani. Bi Chiku aliendelea kuchambua mchele kidogo, mikono ikienda yenyewe, kisha akaweka ungo chini.

"Nimemlilia siku mbili," alisema.

"Najua, mama."

"Na yule wa Mbinga, yeye alililiwa?"

Benigna alisema alililiwa, barua ya watoto wake ilionyesha hivyo. Bi Chiku akatikisa kichwa, akasema basi machozi yake si hasara, yamemfikia mtu. Halafu akauliza basi la Madaba linaondoka saa ngapi. Benigna alimwambia abaki, kwanza akaangalie yeye, asije akaumia tena. Bi Chiku alimtazama kama anavyotazamwa mtoto anayemwambia mkubwa asivuke mto.

"Nimetoka Nakapanya juu ya magunia," alisema. "Madaba ni lami."

Jumamosi waliondoka alfajiri. Walipanda basi la kwenda Njombe, na Bi Chiku, aliyekuwa hajawahi kufika upande ule, alishangaa baridi ya Juni na ukungu uliokaa juu ya vilima mpaka saa tatu. Benigna alimfunika begani kwa kitenge chake. Njiani hawakuongea sana. Mara moja tu Bi Chiku alimuuliza ana miaka mingapi ya ujane, akajibiwa sita, naye akasema Daimu wake ametimiza mitatu. Daimu alikuwa mtu wa maneno machache, alisema. Miaka ishirini na tisa walikaa pamoja, na ukiyakusanya maneno yote aliyomwambia hayajazi debe. Lakini hakumwacha na njaa wala hakumwinulia mkono.

Pale Madaba waliuliza kwenye mgahawa wa kituoni. Mama aliyekuwa akikaanga maandazi hakuhitaji kufikiri. Nesi Mapunda nani asiyemjua, alisema, nusu ya watoto wa hapa wametokea mikononi mwake, hata baada ya kupunguzwa. Akawaelekeza njia ya kushuka bondeni, nyumba yenye mlango wa kijani.

Bi Chiku alisimama pale kwenye mlango wa mgahawa akashika ukuta. Benigna alidhani anaumwa. Alisema haumwi, ila asubiri kidogo.

Walimkuta uani, mwanamke mnene wa miaka hamsini na saba, ameketi kwenye kigoda, anaosha tangawizi katika karai. Aliinua uso, akawakaribisha kabla ya kuwajua, na alipotabasamu mwanya ulionekana. Bi Chiku aliweka kikapu chini. Benigna alifikiri watakumbatiana, lakini Nesi Suzana alikuwa bado anamwangalia mgeni kwa adabu, na ilikuwa wazi kwamba hamkumbuki.

"Mimi ni Chiku, mke wa Daimu. Wa Nakapanya."

Nesi Suzana alisema aliishi Nakapanya miaka sita, na walikuwepo akina Chiku wengi. Aliomba radhi. Amezalisha watu wengi mno, nyuso zimeingiliana. Bi Chiku alisema si kitu, lakini sauti ilimshuka, na Benigna aliona namna mabega yake yalivyolegea. Siku tatu za safari, siku mbili za kilio, na mtu mwenyewe hana habari naye.

Benigna alieleza kilichowaleta, pamoja na kosa lake. Nesi Suzana alisikiliza hadi mwisho, mikono ikiwa ndani ya maji.

"Kwa hiyo ofisini mimi nimekufa?" aliuliza.

"Mpaka jana, mama. Jana nimekusahihisha."

Nesi Suzana akaanza kucheka. Alicheka kwa tumbo, mpaka karai likatikisika, na Bi Chiku naye, bila kutaka, akashikwa na kicheko kilekile. Alipotulia, Nesi Suzana alijifuta mikono akauliza mtoto alizaliwa vipi hasa. Bi Chiku akamsimulia habari za damu na lori la korosho.

"Lori," alisema Nesi Suzana. Akasimama. "Lori la korosho. Mume wako ndiye yule mrefu, mwembamba, ana kovu hapa?" Akagusa nyusi yake.

"Ndiye."

"Wewe sikukumbuki kwa sababu ulikuwa umefumba macho. Yeye namkumbuka."

Akawaingiza ndani, akawakalisha, na kabla hata chai haijachemka akasimulia. Daimu alipanda nao kwenye lori. Alimpakata mtoto ndani ya shati lake, ngozi kwa ngozi, kama nesi alivyomwelekeza, na mkono wa pili akamshika mke wake mguu, kwa sababu sehemu nyingine zote zilikuwa mikononi mwa nesi. Na njia nzima alikuwa akiongea. Hakunyamaza hata mara moja. Alimwambia mkewe habari za siku aliyomwona mara ya kwanza akiteka maji, kwamba alipita kisimani pale mara tatu akijifanya amepoteza mbuzi, naye hakuwa na mbuzi. Alimwahidi nyumba ya bati. Alimwomba msamaha kwa ugomvi fulani wa shamba ambao nesi hakuuelewa. Sauti ilimkauka, akaendelea kwa kunong'ona. Walipofika Tunduru na daktari akasema mgonjwa atapona, Daimu alikaa chini kwenye vumbi la hospitali, akamwambia nesi kwamba mtoto yule ataitwa kwa jina lake, watu wakipenda wasipende.

"Nikamuuliza, unaongea sana hivi siku zote?" alisema Nesi Suzana. "Akasema hapana, leo tu, na akaniomba nisikwambie, angeona aibu. Sasa sijui kama nimefanya vibaya."

Bi Chiku alikuwa ameinamisha kichwa. Walimwacha. Chai ilichemka ikamwagika motoni, Benigna akaenda kuiepua.

"Ile nyumba ya bati aliijenga," Bi Chiku alisema baadaye. "Sikujua aliniahidi. Nilidhani ameamua tu."

Walilala Madaba. Nesi Suzana aliwapikia ugali na kuku, akahakikisha kuku anachinjwa na jirani Mwislamu, na Jumapili Benigna alikwenda misa pamoja naye huku Bi Chiku akibaki kuosha tangawizi iliyosalia. Kuhusu kwenda harusini, mwenyeji hakuhitaji kubembelezwa. Nesi Suzana aliuliza siku na tarehe, akataka kujua kama Nakapanya bado kuna vumbi lile jekundu, basi.

Benigna aliandika taarifa yake. Haikuwa fupi kama Hironimus alivyotaka. Aliomba pia ruhusa ya kupitia upya kila jina aliloliandika amefariki, akilinganisha na jalada la karatasi, na ilimchukua wiki tano, nyingi kati yake baada ya saa za kazi. Akakuta hai wengine wawili. Alipewa barua ya onyo. Hironimus, kwa kuona haya, alimwomba aipige chapa mwenyewe kwani hakuna mwingine aliyejua kupiga chapa, naye akaipiga bila kosa hata la nukta.

Mwezi wa nane alichukua likizo, wakasafiri wawili, yeye na Nesi Suzana. Nakapanya walipokelewa kama watu waliorudi kutoka mbali. Bibi harusi alimpigia goti mkunga akampa shikamoo, na mkunga akamwinua, akamgeuza huku na huku kama anayekagua mtoto kliniki, akasema uzito ni mzuri. Watu walicheka mpaka wapishi wakatoka jikoni kuuliza kulikoni.

Mchana, baada ya pilau, joto lilikuwa kali na ngoma ilikuwa bado haijaanza. Nesi Suzana, aliyekuwa amechoka kwa barabara, alijinyoosha mkekani kivulini mwa nyumba, akasema anapumzisha mgongo tu, na papo hapo akapitiwa na usingizi. Wageni walikuwa wanakuja kumtaka, kila mmoja na mtoto wake wa kumwonyesha. Bi Chiku alikaa kando ya kichwa chake na kipepeo cha ukindu, akimfukuzia nzi, na kila aliyekaribia alimwashiria kwa mkono asubiri, mgeni wake amelala.